Sponji ya Kiatu Ilinisaidia. Pia Ilinifunga Mdomo.

Wasee, leo hakuna video. Leo nimekaa chini, miguu iko ndani ya beseni ya maji, na nataka kuwaambia kitu ambacho kamera yangu haijawahi kuonyesha.

Wengi wenu mnanijua kwa klipu za mitumba, zile za "nimeokota hii kwa mia mbili". Lakini klipu hazilipi renti. Kinacholipa renti ni duka moja la manukato hapa Nairobi, ndani ya jengo la maduka, mahali nasimama siku sita kwa wiki. Sakafu ni vigae vinavyong'aa. Kanuni zilikuwa mbili: usiegemee kaunta, na mguuni iwe kiatu cheusi chenye kisigino. Shifti ni masaa tisa. Lanchi ni dakika arobaini, lakini ukitoa foleni ya maikrowevu unabaki na ishirini.

Mwezi wa tatu kwa hiyo kazi, mguu wangu wa kulia ukaanza kuongea. Si kisigino. Si kifundo. Ni pale chini, mbele ya wayo, ile sehemu ya nyama nene kabla vidole vianze. Mara ya kwanza nilidhani kijiwe kimeingia kwa kiatu. Nikaenda stoo, nikavua, nikakikung'uta. Hakuna kitu. Nikavaa, nikarudi kwa kaunta, na kijiwe bado kiko. Nikavua tena, nikapitisha kidole ndani kote. Hakuna. Hapo ndipo nilijua hicho kijiwe kiko ndani yangu.

Ikifika saa kumi na moja jioni ilikuwa kama nimekanyaga kaa la moto. Nikawa natembea na visigino peke yake, kama bata. Siku moja nashuka matatu, konda akanishika mkono akasema, "Shuka polepole, mathe." Mathe! Nina miaka 23, manze.

Na nikafanya kile rika letu hufanya. Nilinyamaza, halafu nikatafuta kitu cha kununua.

Sponji ya kwanza, na kosa langu

Nilienda kemisti nikaomba pedi za viatu. Yule kijana akaniuliza mara mbili kama nimesema pedi ama nimesema viatu. Mwishowe akanipea vile vitu vya jeli, vinabandikwa ndani ya kiatu kwa mbele. Shilingi 350 kwa jozi moja.

Nikabandika pale pale mahali panauma. Si hiyo ndiyo akili ya kawaida? Panauma hapa, weka mto hapa. Siku mbili za kwanza nilikuwa mbinguni. Nilituma hata ujumbe kwa grupu ya kazi: wasichana, nimeokoka.

Siku ya tatu vidole vikaanza kufa ganzi. Kile sikuwa nimefikiria ni kwamba kiatu hakikuongezeka ukubwa. Ni kile kile chembamba, ila sasa ndani kuna mpangaji mpya. Fikiria matatu ya abiria 14, halafu makanga ameamua wa kumi na tano ataingia tu, "songeni kidogo, songeni". Mtaingia, ndio. Lakini kuna mtu atafika Rongai akiwa hana goti. Kwa kiatu changu, huyo mtu alikuwa kidole cha nne.

Nikaenda kwa fundi wa viatu pale karibu na steji. Nikamwambia jeli haitoshi, anikatie kitu kinene. Akatoa sponji ya patipati ya zamani, akakata vizuri kabisa, akaibandika. Baada ya wiki moja nikarudi nikamwambia aongeze. Akaongeza. Mara ya tatu aliniangalia, akaweka kisu chini.

"Msichana wangu, mimi natengeneza kiatu. Mguu mpeleke kwa wenye miguu."

Huyo mzee angekula pesa yangu mwaka mzima. Namshukuru sana.

Weka nyuma, si juu yake

Kwa kliniki nilipelekwa kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Alibonyeza wayo wangu mahali kama sita hivi, akapata pale panapofanya mtu aite mamake, halafu akasema kitu sikutarajia: "Sasa nionyeshe kiatu."

Akaweka mguu wangu juu ya kiatu, si ndani. Mguu ulimwagika kila upande. Tukaangalia tu, sisi wawili, kimya. Hakukuwa na haja ya kuniambia lolote.

Halafu akanieleza. Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano kati ya hiyo ni mirefu, inatoka katikati ya wayo hadi mahali vidole vinaanzia. Vichwa vya hiyo mifupa mitano ndivyo vinabeba uzito kila ukisukuma hatua mbele. Ukivaa kisigino kirefu, mwili unateremka mbele kama gari lililoegeshwa kwa mlima, na vile kisigino kinazidi kwenda juu ndivyo uzito unazidi kuhamia kwa hivyo vichwa. Ukiongeza ncha nyembamba, vichwa vinabanwa pamoja. Ukiongeza soli nyembamba juu ya vigae, hakuna kitu kati ya mfupa wako na simiti ya jengo.

Madaktari wana jina lao la haya maumivu, metatasalgia. Lakini alinionya nisilifurahie hilo jina. Linasema mahali panauma, halisemi kwa nini. Kwa mwingine sababu ni kiatu, kwa mwingine ni kukimbia na kuruka sana, kwa mwingine ni umbo la mguu, tao liko juu sana, ama misuli ya nyuma ya ndama imekaza. Kuna pia neva zinazopita katikati ya ile mifupa. Moja ikibanwa mara nyingi inavimba kwa kuzunguka, na unaskia kama umeme unaingia kwa vidole, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne. Hiyo imebeba jina la daktari wa upasuaji wa Marekani, Thomas Morton, aliyeiandika mwaka wa 1876. Kumbe kijiwe changu kimekuwa kikisumbua watu tangu kabla reli ifike Nairobi.

Halafu akanifunza kitu ambacho ningekuwa nimekijua ningeokoa pesa. Ile sponji ndogo yenye umbo la tone la maji haiwekwi chini ya mahali panauma. Inawekwa NYUMA yake kidogo, upande wa kisigino. Ikikaa hapo inainua ile mifupa mirefu kutoka nyuma ya vichwa vyake, uzito unagawanyika, vichwa vinapumua, na mifupa inatanuka kidogo, neva inapata nafasi. Ukiiweka chini ya kichwa chenyewe, unakiongezea mlima wa kugonga. Mimi nilikuwa nimejijengea huo mlima kwa pesa yangu, tena mara tatu.

Na hivi ndivyo unapata mahali penyewe. Chukua lipstiki ya bei rahisi, paka doa pale panauma zaidi. Vaa kiatu bila soksi, simama, tembea hatua mbili tatu, vua. Doa limebaki kwa soli ya ndani. Sponji ianzie nyuma tu ya hilo doa. Ukivaa utaiskia kama kuna kitu kigeni, na siku za kwanza ni kawaida kushangaa, lakini haifai kuuma. Ikiuma, isogeze kidogo. Kama kiatu chako kina soli ya ndani inayotoka, itoe kwanza kabla ya kuweka nyingine, ama utarudi kwa ile stori ya abiria wa kumi na tano.

Nilifanya hivyo, lakini kwa kiatu kingine, chenye mbele pana na kisigino kifupi. Ndani ya wiki mbili nilishuka matatu bila kushikwa mkono.

Kwa hivyo wale mnaosema sponji ni uongo wa biashara, hapana. Inafanya kazi. Lakini inafanya kazi ndani ya kiatu kinachokutosha. Ndani ya kiatu kibaya, sponji ni mtu unayemtuma akuombee msamaha kwa kosa ambalo bado unalifanya.

Kiatu kwanza, na si wasichana peke yao

Ndugu zangu mnaocheka, nimewaona. Ile shapshuta yako ya interviu, ncha inafika kwa kona kabla yako, vidole vyako viko wapi humo ndani? Na wewe soja unayesimama kwa geti usiku mzima na buti ambalo soli yake imekuwa ngumu kama bamba. Na wewe weita. Na wewe unayecheza basketi kwa uwanja wa simiti na raba ambazo chini zimebaki laini kama karatasi. Mbele ya wayo haijui jinsia.

Na wale mtakaosema "basi mimi huvaa doli shuzi, niko salama", pole. Kile kiatu ni kitambaa kilichoshonewa kadibodi. Hakina kisigino, ndio, lakini pia hakina kitu cha kukukinga na sakafu.

Tufanye mtihani wa bure leo usiku, si asubuhi, juu jioni miguu imevimba kidogo na inasema ukweli. Simama juu ya karatasi, chora mguu wako kwa kalamu. Weka kiatu chako juu ya huo mchoro. Kama mstari wa mguu unaonekana nje ya kiatu, umepata jibu na hujalipa mtu.

Na kwa sababu mmekuja hapa mkinijua kwa mitumba, hii siwezi kuwanyima. Ukiokota kiatu cha mitumba, hata kama ni kamera, angalia ndani. Soli ya ndani imebeba alama ya mguu wa mtu mwingine. Mashimo ya vidole vyake, kisigino chake kilivyolalia upande mmoja. Wewe unaweka mguu wako kwa kitanda cha mtu usiyemjua. Ing'oe hiyo, ununue mpya, si bei mbaya. Halafu kunja kiatu kwa mikono. Kinafaa kukunjika mbele, pale vidole vinakunjikia. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe kwa rundo, hata kama rangi imekuua.

Mguu wa mathe

Sasa nifike kwa ile sehemu imenifanya niandike badala ya kurekodi.

Mathe wangu anauza chapati na maharagwe. Anaamka saa kumi, anasimama hadi watu wa lanchi waishe. Ana sukari, miaka mingi sasa, na anameza dawa zake vizuri. Alipoona nimepona, akaniambia, "Nami niletee hizo sponji zako. Yangu haiumi, lakini siku hizi ni kama nimevaa soksi hata nikiwa miguu mitupu."

Nilikuwa nimeshanunua. Jozi mbili, ziko kwa mkoba. Halafu nikakumbuka yule dada wa kliniki aliniuliza swali moja kabla hata aniguse: una sukari? Nikasema hapana. Akasema ningesema ndio, tungeanza mahali pengine kabisa.

Nikamwambia mathe akae, avue viatu. Alikataa kwanza. "Miguu ya mama yako unataka kuiangalia ya nini?" Nikapiga magoti. Chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda, upana wa sarafu ya shilingi. Si cha leo. Nikaingiza mkono kwa kiatu chake nikapata ncha ya msumari mdogo wa soli imetokeza ndani. Alikuwa amesimama juu yake, sijui siku ngapi. Alipoona damu kwa kidole changu aliuliza ni ya nani.

Hiyo swali imeniingia hadi leo. Ni ya nani.

Sukari ikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa vizuri inaweza kuua neva za miguu, na damu haifiki huko inavyofaa, kwa hivyo kidonda hakiskiki na hakiponi haraka. Watu hukatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza vidogo. Ningempea zile sponji, angezibandika juu ya huo msumari na kurudi kwa jiko. Na singejua, juu angeniambia ziko sawa, hakuna uchungu.

Tulienda kliniki siku iyo hiyo. Kidonda kilioshwa na kufungwa, na imechukua miezi kufunga vizuri. Sasa kila jioni naangalia nyayo zake kwa tochi ya simu, na kila asubuhi yeye anaingiza mkono kwa kiatu kabla aingize mguu. Kama uko na mzazi ama shosho mwenye sukari, usimnunulie sponji kwa kubahatisha. Kwanza mwambie avue viatu umwangalie. Atakataa. Piga magoti hivyo hivyo, halafu mpeleke kwa daktari aseme avae nini.

Nililala nikifikiria. Mimi nilikuwa nimetumia zaidi ya shilingi elfu moja kununua kitu cha kunyamazisha uchungu wangu. Na mathe angelipa chochote auskie wake.

Chini ya kaunta

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuona maumivu ya mguu kama kelele ya kuzimwa. Ni mtu anakuletea ujumbe. Swali ni kama utamsoma ama utamfungia mlango.

Basi siku moja kwa stoo nikavua kiatu nikawaonyesha wenzangu ile sponji, nikawaelezea mambo ya doa la lipstiki. Tuko sita. Mmoja akavua chake: tishu zimekunjwa mara nne. Mwingine: pamba. Mwingine: soksi mbili kwa mguu mmoja. Mwingine alikuwa na jeli kama yangu, imebandikwa mahali pabaya kama yangu. Kila mtu alikuwa na kitu. Tulikuwa tukiuza manukato juu ya kaunta na kuficha hospitali chini yake, miezi yote hiyo, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake ako na miguu dhaifu.

Hiyo ndiyo kesi yangu dhidi ya sponji, kama naweza kuiita kesi. Haina makosa. Lakini inaingia kwa kiatu, mahali hakuna mtu anaona, na ikishaingia unatabasamu, na bosi anaona watu sita wanaotabasamu, kwa hivyo kanuni iko sawa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sawa, lakini sisi si maiti. Sisi tunaweza kusema.

Na kuna mahali pa kuanzia kusema. Kenya tuko na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Humo ndani, kifungu cha 94, imeandikwa kwamba mwajiri anafaa kuwawekea wafanyakazi wanaofanya kazi wakisimama mahali pa kukaa panapotosha, ili wapumzike nafasi ikipatikana. Hakuna mahali imesema usikae mteja asije akaona. Hiyo sheria ina umri wa kumaliza shule ya upili, na kwa duka letu hakuna mtu alikuwa ameiskia.

Wengine wameshapigana hii vita. Desemba 2015 kule London, Nicola Thorp alirudishwa nyumbani siku ya kwanza ya kazi ya mapokezi juu alivaa viatu flati. Ombi lake kwa bunge lilipata sahihi zaidi ya 150,000. Ufilipino mwaka wa 2017 wizara ya kazi ilitoa agizo kwamba wanawake wasilazimishwe kuvaa visigino virefu, na wanaosimama kazini wapate muda wa kupumzika. Japani mwaka wa 2019 Yumi Ishikawa alianzisha kampeni ya #KuToo, mchezo wa maneno juu kwa Kijapani neno la kiatu na neno la maumivu yanakaribiana sana. Na kule India, jimbo la Kerala mwaka wa 2018 na Tamil Nadu mwaka wa 2021 yalibadilisha sheria ili wauzaji wa maduka wawe na haki ya kukaa. Wauzaji wa maduka. Watu kama mimi.

"Shukuru una kazi"

Najua mnachotaka kuniambia. Kuna vijana wako na digrii na wanalala njaa, na wewe unalia juu ya kiatu. Naskia. Najua droo ya ofisi yetu imejaa CV za watu wanaotaka hii nafasi yangu, nimeziona. Ndiyo maana sikuenda peke yangu na sikuenda nikipiga kelele.

Lakini hiyo sentensi ya "shukuru una kazi" angalia inafanya nini. Inafanya kazi ile ile ya sponji. Inaingia mahali panauma, inanyamazisha, na kiatu kinabaki kile kile. Na yule atakayechukua nafasi yangu kutoka kwa droo ataanza kutia tishu kwa kiatu mwezi wa tatu. Hajasaidika.

Na sijakataa visigino. Navipenda. Harusi ya binamu yangu Desemba nitavaa virefu hadi mchungaji ainue macho, na raba zitakuwa kwa mkoba. Tofauti ni kwamba hapo nimechagua, na naweza kuvua wimbo ukiisha. Masaa tisa kwa vigae, kwa kanuni ya mtu mwingine, hiyo si fashoni.

Tulienda watatu kwa supavaiza, wakati hakuna wateja. Tulimwita Madam kama kawaida, tukamwonyesha kile kifungu kwa simu. Alisoma polepole. Halafu akasema, "Mimi nilisimama hapo miaka minane. Hakuna mtu aliniuliza." Nikadhani ndiyo imeisha. Akanyamaza, akaangalia viatu vyake, akasema kanuni si yake, ni ya ofisi kuu, lakini atauliza.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Viatu flati vinaruhusiwa, mradi viwe vyeusi, vimefunikwa na vinang'aa. Na stuli moja imeletwa. Moja, kwa watu sita, na imewekwa stoo, si kwa kaunta. Tunaikalia kwa zamu za dakika tano tano. Ni kidogo? Ni kidogo. Lakini mwezi uliopita ilikuwa sifuri.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na ni mfupi. Nunua sponji kama unaihitaji, uiweke nyuma ya doa. Badilisha kiatu kabla ubadilishe sponji. Kama mguu umekufa ganzi, umevimba, unauma hata ukiwa umelala, ama kuna mfupa mmoja tu unauma ukiubonyeza kwa kidole, wacha kununua vitu kwa kemisti uende uangaliwe, juu mifupa ya hapo hupata nyufa. Kama uko na sukari, anza na daktari. Na kama kila mtu kazini kwenu ako na kitu ameficha kwa kiatu, hiyo si bahati mbaya ya miguu. Vueni viatu pamoja, muonane, halafu mtu mmoja aende akaongee, na wawili wamsindikize.

Maji ya beseni yamepoa. Mathe anaita, ni saa ya kuangalia nyayo. Kesho nafungua duka saa tatu. Sponji iko kwa kiatu, kiatu ni flati, stuli iko stoo. Kutoka stoo hadi kaunta ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.